Buibui mmoja, hati mbili

Mimi ni dereva muongoza watalii, naishi Pasua hapa Moshi, na kwenye hii kazi nimeshaaibika mara nyingi tu, gari kukwama mtoni mbele ya magari ya wenzangu, mgeni kuniuliza ndege nikamtajia ndege mwingine kabisa, hayo yanapita. Ila aibu ya buibui bado inaniwasha, ndo maana nimeamua kuiandika.

Ilikuwa hivi. Dada yangu ameolewa Boma Ng'ombe, na shemeji alikuwa anachimbisha shimo la choo nyuma ya nyumba. Mafundi hata hawajafika mbali jembe likafumua nyumba ya mtu. Nasema ya mtu maana ndani ilikuwa imetandikwa utando mweupe kuanzia mlangoni mpaka chini, kama shuka ya wageni. Akatoka mwenye nyumba. Ukimweka kwenye kiganja miguu inajaza mpaka ncha za vidole, rangi kama bati lenye kutu, manyoya mwili mzima, na miguu ya nyuma minene kuliko ya mbele, utadhani amevaa gambuti. Fundi mmoja karuka nje ya shimo bila ngazi, mwingine kashika chepe. Dada akanipigia, "Kaka njoo umchukue mdudu wako kabla hawajamponda." Mdudu wangu! Kwetu ukisomea utalii basi kila chenye miguu zaidi ya miwili ni cha kwako.

Sasa siku hiyo nilikuwa na mgeni, mzee mmoja mstaafu kutoka Ubelgiji, ameshuka mlimani juzi yake, magoti yamekufa, anazubaa tu kwenye bustani ya hoteli. Nikamwambia mzee panda gari nikuonyeshe kitu. Akapanda haraka utafikiri sio yeye aliyekuwa analalamikia magoti asubuhi.

Tumefika, nikachuchumaa pembeni ya shimo, nikakohoa kidogo kama mtaalamu, nikasema huyu anaitwa Citharischius crawshayi, wazungu wanamwita buibui nyani mfalme. Nililisoma chuoni, liko kwenye madaftari yangu mpaka leo nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Yule mzee akatabasamu ile tabasamu ya mwalimu, akasema taratibu, "Rafiki yangu, hilo jina lilifutwa 2010."

Mbele ya shemeji. Mbele ya mafundi. Shemeji hajui Kiingereza sana lakini sura ya mtu aliyesahihishwa anaijua.

Nikamtoa yule buibui kwa ndoo na kipande cha boksi (msijaribu kwa mkono, hawa wa Afrika hawana yale manyoya ya kurusha kama wa Amerika, wao wanauma tu, na inauma kweli kweli), nikaenda kumwachia kwenye mchongoma wa uzio, nikamtobolea kishimo kwa mti ili apate pa kuanzia. Afu njia nzima ya kurudi Moshi nikamkalia yule mzee kooni, jina linafutwaje? Nani anafuta? Kwani mimi nikizaliwa naitwa hivi, 2010 kuna mtu atakuja kusema hapana?

Alichonieleza, na nilichokuja kusoma mwenyewe usiku kwa usiku mpaka bando likaisha, ndo hiki.

Nilikuwa nafikiri kumpa mnyama jina la kisayansi ni kama kubatiza mtoto. Sio. Ni kama hati ya kiwanja. Anayekuja wa kwanza akasajili kwa utaratibu, akachapisha maelezo, kiwanja ni chake, na wewe ukija miaka kumi baadaye ukajenga ghorofa juu yake bado kiwanja ni cha yule wa kwanza. Sasa huyu buibui mfalme alitolewa hati mbili. Mwaka 1885 Mjerumani anaitwa Ferdinand Karsch alikuwa anapitia mzigo wa buibui na majongoo uliokusanywa kwenye safari ya Dakta Fischer nchi ya Wamaasai, akakuta mmoja akamwandika Pelinobius muticus. Basi, akaendelea na mambo yake. Mwaka 1900 Mwingereza Reginald Pocock akaletewa mwingine, akaona huyu mpya, akamwandika Citharischius crawshayi, hilo crawshayi ni heshima kwa Mwingereza mwingine, Crawshay. Na hii hati ya pili ndo ikashika, ndo wafugaji wakaijua, ndo ikaingia vitabuni, ndo ikafika mpaka kwenye daftari langu. Miaka mia na kumi. Akaja mtu anaitwa Richard Gallon, akapitia upya masuala ya hawa buibui, na 2010 akaandika kwamba hawa wawili ni mmoja, na kwa kuwa Karsch alitangulia miaka kumi na tano, jina ni lake. Pelinobius muticus. La Pocock likawa jina mfu.

Mtu wa Kilimanjaro yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha kihamba, yaani shamba la ukoo, ataelewa. Unaishi hapo tangu babu, una migomba una kaburi la bibi, afu anatokea mtu na karatasi ya zamani kuliko ya kwako.

Na hii sheria ina kituko chake. Kwa wanyama wote wengine majina yanaanza kuhesabiwa kwenye kitabu cha 1758 cha Linnaeus, Msweden aliyeanzisha utaratibu wa majina haya, chochote kilichoandikwa kabla ya hapo hakina hadhi. Isipokuwa buibui. Buibui peke yao wana kitabu cha Msweden mwingine, Carl Clerck, kilichotoka 1757, ambacho sheria inajifanya kilitoka tarehe 1 Januari 1758 ili kiingie. Yaani wamerudisha kalenda kwa ajili ya buibui. Nilicheka peke yangu kitandani mke wangu akaniuliza nachati na nani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo maana kuna watu watauliza tarantula ndo nini. Jina limetoka mji wa Taranto huko Italia, na buibui wa kwanza kuitwa hivyo wala sio huyu, ni buibui mwindaji wa kule wa saizi ya kawaida ambaye mpaka leo kitaalamu anaitwa Lycosa tarantula. Wazungu walipofika Amerika wakakuta majitu yenye manyoya wakayarushia jina la nyumbani, likaganda. Hawa wenye manyoya familia yao kitaalamu ni Theraphosidae, ina spishi zaidi ya 1,000. Huku Afrika wazungu wanawaita buibui nyani kwa sababu nyayo zao zina pedi nyeusi kama vidole vya nyani. Sisi je? Buibui. Tu. Anayetanda pembe ya nyumba, buibui. Anayejaa kiganja, buibui. Na vazi la mama mkwe, buibui. Nimeuliza wazee wa Machame, nimeuliza Mmaasai mmoja rafiki yangu anayeuza ng'ombe mnada wa Boma, wote wananiambia ni buibui mkubwa, au ananyoosha mkono kuonyesha saizi.

Lakini vijiji vyetu vimo humo kwenye Kilatini, hii ndo iliyonishangaza kuliko yote. Mwaka 1905 mpaka 1906 alikuja Msweden Yngve Sjöstedt kukusanya wanyama Kilimanjaro na Meru, akapiga kambi Kibong'oto, ile ile Kibong'oto ya hospitali ya kifua kikuu, yeye akaiandika Kibonoto maana ng' ilimshinda. Basi baada ya hapo vidudu vikaanza kuitwa kibonotensis. Kuna buibui mwembamba wa kwenye nyasi anaitwa Tibellus kibonotensis, kaandikwa na Lessert 1919. Hiyo -ensis maana yake wa mahali fulani, kwa hiyo Tibellus wa Kibong'oto, sawa na kusema Lyimo wa Marangu. Mwanaume akipewa heshima wanaweka i mwishoni, mwanamke wanaweka ae. Nikajaribu na mimi. Mbaraka Mwinshehe anakuwa mwinshehei. Bi Kidude anakuwa kidudeae, na kwa mdudu linakaa vizuri kupita kiasi. Msidhani natania, Marekani 2016 kuna tarantula mweusi alipatikana karibu na gereza la Folsom akaitwa Aphonopelma johnnycashi, kwa heshima ya mwanamuziki Johnny Cash. Kujipa jina lako mwenyewe sio kosa kisheria ila watu watakucheka mpaka kaburini.

Na hata Kiswahili kimo. Vinyonga wa huku milimani, yule wa pua ya pembe mbili, jenasi yao, yaani lile jina la kwanza wanalochangia spishi ndugu, tangu 2006 ni Kinyongia. Nilivyoona nikasema ahaa, hapo sawa.

Afu kuna jambo la mabano, na waongoza watalii wenzangu hili lichukueni bure. Ukisoma Pterinochilus murinus Pocock, 1897, ambaye ni buibui nyani mwingine wa huku, jina la mtu halina mabano, maana yake Pocock ndo aliyemwandika na jenasi aliyomweka ndo hiyo hiyo mpaka leo. Ukisoma Pterinochilus chordatus (Gerstäcker, 1873), yale mabano sio urembo, yanakuambia Gerstäcker alimweka kwenye jenasi nyingine, amehamishwa. Jina la kwanza ni ukoo, kama mwalimu anavyoita mahudhurio, Mushi Goodluck, Lyimo Anna. Goodluck anabaki Goodluck, ukoo ndo unaweza kubadilika wakigundua baba ni mwingine. Huyo chordatus kwa wafugaji wa nje anajulikana kwa rangi yake ya haradali na wanamtaja na Kilimanjaro yetu. Gerstäcker mwenyewe hakukanyaga huku, alikaa na mizigo iliyotoka kwenye safari za yule baron von der Decken, huyo huyo wa yule hondohondo mdomo mwekundu tunayewaonyesha wageni Tarangire kila siku, aliyejaribu kupanda Kilimanjaro 1861 na 1862 akashindwa, na 1865 akauawa Somalia. Mtu kafa, buibui wake wanaandikwa miaka nane baadaye.

Na murinus ndo mzuri zaidi. Murinus maana yake wa rangi ya panya. Nenda kaangalie picha, wale wa Usambara wanaofugwa Ulaya na Marekani ni rangi ya chungwa, yaani rangi ya fanta, wanawaka. Sasa panya gani wa fanta? Ni kwamba huyo huyo buibui sehemu nyingine ana rangi ya kijivu cha vumbi, na aliyepata jina ndo huyo wa vumbi. Wa Usambara, wa Mikumi, wa Kigoma, rangi mbalimbali, na wengine walishapewa majina yao ya peke yao, Gallon 2002 akapitia jenasi nzima akawarudisha wengi nyumba moja. Rangi ni muongo. Hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani kwangu maana mimi nilimtambua yule wa Boma kwa rangi ya kutu na miguu minene, basi.

Kinyume chake nacho kipo, jina moja viwanja viwili. Yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, tarantula wa kwenye sinema na mabango, watu walimfuga miongo mingi wakimwita Brachypelma smithi, jina la 1897. Mwaka 2017 Mendoza na Francke wakaonyesha kuwa wengi wa wale ni hamorii, jirani yake, smithi halisi anakaa kipande kingine cha pwani. Na hao wako kwenye mkataba wa biashara ya wanyama walio hatarini, kwa hiyo jina likikosewa kibali nacho kimekosewa. Hapo jina sio mapambo ya daftari tena.

Sasa turudi Boma, maana bado sijamaliza kuaibika.

Wakati tunamtoa buibui, fundi mmoja aliokota kitu kwenye udongo akakitupa akapiga kelele, akidhani ni buibui mwingine amekufa. Yule mzee akakiendea na magoti yake mabovu kama mtu aliyeona noti ya elfu kumi. Lilikuwa gamba. Hawa buibui wanajivua gamba, na majike wanaendelea kujivua hata wakishakuwa watu wazima, afu wanalisukumia nje ya shimo kama mtu anavyotoa takataka. Zima kabisa, miguu nane, mpaka kucha, kifuniko cha mgongo kimefunguka kama mfuniko wa sufuria. Mzee akasema usitupe hili, hili ndo kitambulisho chenyewe.

Nikaliweka kwenye kopo la Blue Band, nikarudi nalo Pasua. Usiku nikafanya alivyonielekeza, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, ukaliacha lilainike kama dagaa wa kuloweka. Halafu kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu (samahani mama Junia, umejua leo) nikafungua ngozi ya tumbo ambayo imejikunja kama karatasi ya peremende, nikaitandaza kwenye sahani nyeupe, nikawasha tochi, nikabana ile lenzi ya elfu saba kwenye kamera ya simu. Unachotafuta kwa ndani ni vifuko vya jike vya kuhifadhia mbegu za dume, maana umbo la vile vifuko ndo wataalamu wanalolitumia, na kwa dume wanaangalia kile kiungo cha ncha ya mikono midogo ya mbele. Sio rangi, sio ukubwa. Yaani hawa mabwana wanatambuana kwa sehemu ambazo mimi na wewe hatuzitaji mezani. Vifuko niliviona, vidogo viwili kama vidole gumba vya mtoto, nikajua angalau ni jike. Umbo lake lingenisaidia kama ningekuwa na hadubini na mtu wa kunifundisha.

Ila nikaona kitu kingine. Yale meno mawili kwanza, ya hawa buibui yanashuka wima sambamba kama majembe mawili, hayakutani kama mkasi. Jeusi tii, linang'aa, hata likiwa gamba tupu nilichukua tahadhari. Shina la jino ni nene lenye manyoya, na ubavu wake wa nje, nilipogeuza na tochi, kulikuwa na kizulia. Manyoya mafupi mengi yamesongamana kama brashi ya viatu, ukiyakuza yanakaa kama unyoya. Nikampigia picha nikamtumia mzee, ameshafika kwao muda huo. Akajibu asubuhi kwa maneno machache: mfalme hana hiyo brashi.

Dah.

Kwa hiyo pale shimoni sikukosea jina tu, nilikosea na mnyama. Nilimpa mnyama asiyekuwepo jina lisilokuwepo, na mzee kwa ustaarabu wake akasahihisha kosa moja, la pili akaliacha mpaka awe na ushahidi. Ile brashi ni ya kundi la kina Pterinochilus na ndugu zao, wanaitwa Harpactirinae, mfalme yuko kundi lingine kabisa. Na kwenye hao ndugu kuna jenasi moja ya huku kwetu na Kenya, Eucratoscelus, ambayo jike lake ana miguu ya nyuma minene yenye manyoya. Kuna spishi yake ya Tanzania iliandikwa 1990, inaitwa pachypus, Kigiriki hicho, maana yake mguu mnene. Mguu mnene! Sifa ile ile fundi aliyoiona akiwa hewani anaruka. Mashaka yangu yote yanaangukia hapo, kwenye Eucratoscelus, ila hiyo ni jenasi tu, jina la pili silitaji tena nikiwa na gamba kwenye sahani. Nimeshajifunza adabu.

Kwenye daftari nimefuta ile Citharischius nikaandika pembeni Pelinobius muticus Karsch, 1885, bila mabano. Siku nikimwona mfalme wa kweli ntakuwa tayari. Na siku hizi nikiwa na mgeni mwenye maswali nafungua katalogi ya buibui wa dunia nzima, iko mtandaoni bure, inatunzwa na makumbusho ya Bern kule Uswisi. Mwaka 2022 ilifikisha buibui 50,000 waliosajiliwa. Majina mafu yote yamo, na la kwangu nililitafuta nikalikuta pale chini ya jina la Karsch, limelala.

Jumapili nilipita Boma kumwona dada. Choo kimeshasimama, wamekisogeza pembeni kidogo. Nikaenda kwenye mchongoma, shimo lipo, limeongezwa, mlangoni kuna utando mpya na mabawa ya panzi. Nikamwambia shemeji kwamba kinachotakiwa sasa ni dume, madume wakikomaa wanatoka kuzunguka usiku kutafuta majike, wanaweza kuingia hata ndani ya nyumba, kwa hiyo mvua zikianza, akimwona mwembamba mwenye miguu mirefu asimuue, amfunikie bakuli anipigie simu saa yoyote.

Shemeji akaniangalia muda mrefu. "Akiingia ndani," akasema, "mimi ntamuita kwa kandambili."